Wema Uliochelewa

Watu wengi husifu wepesi wa kuitikia. Mzazi husifiwa kwa kulijibu kosa la mtoto, hakimu kwa kulijibu kosa la mhalifu, serikali kwa kuijibu shida ya raia, na rafiki kwa kuijibu huzuni ya rafiki yake. Asiyeitikia huitwa mkavu wa moyo. Sifa hii ni ya haki, kwa kuwa dunia isiyo na mwitikio ingekuwa dunia ya mawe. Walakini liko swali ambalo sifa hiyo hulifunika, nalo ni hili: Je, mwitikio ulio sahihi kwa aina yake na kwa kipimo chake, lakini uliofika baada ya wakati wake, hubaki kuwa wema? Au kuchelewa kwaweza kuugeuza ukawa sehemu ya ule ubaya uliokusudiwa kuondolewa?

Akili ya kawaida hudhani kwamba wema uliochelewa ni wema uliopungua tu. Wahenga walisema kwamba majuto ni mjukuu, wakamwonya mtu kuwa ajali hutangulia na fahamu hufuata. Walisema pia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika semi hizi kuchelewa ni hasara: kilichokuwa kizima hupungua. Mimi nadai jambo zito zaidi. Nadai kwamba yako mahali ambapo wema uliochelewa haupungui hata kidogo. Huwasili na nguvu zake zote, nazo nguvu hizo zote huenda upande wa adui. Ili dai hili lisionekane kuwa mchezo wa maneno, nitaleta shahidi asiyejua maneno. Shahidi huyo ni moto wa injini ya roketi.

Injini ya roketi itumiayo vimiminiko ni rahisi kuelezwa, ijapo ni ngumu kuundwa. Yako matangi mawili: moja la mafuta, na la pili la kimiminiko kiyawezeshacho mafuta kuungua, kama vile asidi ya nitriki, au oksijeni iliyopozwa hata ikawa kimiminiko. Viwili hivi husukumwa katika mabomba mpaka kwenye kinyunyizio, yaani bamba lenye matundu madogo mengi, navyo huingia katika chumba cha mwako kwa namna ya manyunyu. Humo huungua na kutoa gesi yenye joto kali. Gesi hutoka kwa kasi kupitia mdomo wa nyuma, na roketi husukumwa mbele.

Sasa na tutazame jinsi chumba kinavyolishwa. Kiasi cha kimiminiko kiingiacho hutegemea tofauti ya shinikizo baina ya upande wa mabomba na upande wa chumba. Shinikizo la chumba likishuka, kimiminiko huingia kwa wingi. Likipanda, huingia kwa uchache. Kwa mtazamo wa kwanza huu ni utaratibu wa busara na hata wa huruma: mwenye njaa huongezewa, aliyeshiba hupunguziwa. Lau mafuta yangaliwaka papo hapo yaingiapo, kila upungufu ungalijiponya wenyewe.

Lakini tone haliwaki lifikapo. Sharti livunjike, ligeuke mvuke, lichanganyike na mwenziwe, lipate joto, ndipo liwake. Kazi hiyo yote huchukua sehemu chache za elfu moja za sekunde, muda ambao jicho la mtu haliwezi hata kuupepesa. Katika mwanya huo mdogo mambo huharibika. Shinikizo lilishuka, mabomba yakaitikia kwa kuongeza. Lakini wakati nyongeza ile inapowaka, chumba kimekwisha kuinuka chenyewe. Nyongeza iliyotumwa kwa mwenye njaa humfikia aliyeshiba. Shinikizo hupanda kupita kiasi. Mabomba huitikia tena kwa kupunguza. Lakini upungufu huo nao hufika wakati chumba kinaposhuka, kikashuka zaidi. Hivyo kila dawa huwa chanzo cha ugonjwa ufuatao, na mwako huanza kupwita.

Mpwito huu huwa na mapigo makumi kwa sekunde, na huweza kufika mia moja au mia mbili. Ni mapigo ya chini, tofauti na yale ya mlio mkali yafikayo maelfu kwa sekunde, ambayo hutokana na mawimbi ya sauti ndani ya chumba chenyewe. Usiposhika mpaka, mpwito hukua pigo baada ya pigo hata injini ivunjike. Ngoma ikilia sana hupasuka. Na hii hupasuka pasipo mpigaji.

Msomaji na aangalie kwamba katika habari hii hakuna kiungo kibovu. Tangi ni zima, bomba ni zima, chumba ni kizima, na mafuta ni safi. Kila kimoja chafanya kilichopasa. Uovu haumo katika kimoja chao. Umo katika mwanya wa wakati uliopo baina yao. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi ashikaye usukani wa jahazi kwa mara ya kwanza. Jahazi likipotoka kwenda kulia, yeye hulirudisha kushoto, naye huushikilia usukani mpaka aone kwa macho kwamba omo imerudi mahali pake. Lakini chombo kizito hakisimami mara moja; omo huvuka mahali pake na kwenda kushoto, naye huanza kulirudisha kulia kwa nguvu kubwa zaidi. Njia yake baharini huwa kama njia ya nyoka, wala hana kosa la nia. Nahodha mzoefu huurudisha usukani kabla omo haijafika.

Historia ya roketi yaonyesha jinsi watu walivyoutibu mpwito huu, na kila tiba ina mafundisho yake na gharama yake.

Tiba ya kwanza ni kuufupisha mwanya. Mwaka 1941 kikundi cha wataalamu wa Pasadena, California, chini ya uongozi wa Theodore von Kármán, kilikuwa kikijaribu kuunda roketi za kuzisaidia ndege nzito kupaa. Frank Malina na Martin Summerfield walikuwa miongoni mwao. Walitumia petroli na asidi ya nitriki, na injini yao ilipwita hata kuvunjika. Mwezi wa Februari 1942 Malina alizuru Annapolis katika jimbo la Maryland, akakuta kwamba watafiti wa jeshi la majini walikuwa wamegundua kuwa anilini huwaka yenyewe mara iguswapo na asidi hiyo. Petroli ikaondolewa, anilini ikatiwa mahali pake, na mpwito ukatoweka. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule ndege ya aina ya A-20A ilipaa huko Muroc, California, kwa msaada wa roketi hizo. Hawakubadili nia ya injini wala kipimo cha chakula chake. Walipunguza tu muda uliopo baina ya kupokea na kuwaka. Summerfield aliandika baadaye, katika mwaka 1951, maelezo ya kihesabu ya jambo hili, na Luigi Crocco wa Princeton akaandika yake katika miaka hiyo hiyo.

Hapa mpenda haraka atafurahi na kusema, "Basi tuharakishe." Asisahau gharama. Anilini ni sumu ipenyayo hata katika ngozi, na vimiminiko viwakavyo kwa kugusana tu havisamehe bomba livujalo. Kitu kiwakacho upesi huwaka upesi hata mahali pasipotakiwa. Mwanadamu aliyejizoeza kujibu papo kwa papo hana mpwito, lakini ana hatari nyingine: jibu lake hutangulia fikira yake. Haki ipitishwayo saa ile ile ya hasira imeufupisha mwanya kweli, lakini imeufupisha kwa kuutoa ushahidi. Katika mambo ya watu, sehemu kubwa ya kuchelewa ni muda wa kuuliza, kusikiliza na kupima. Anayeufuta muda huo wote amefuta pia kilichomtofautisha na moto.

Tiba ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Badala ya kuharakisha mwako, wahandisi hubana matundu ya kinyunyizio, hata shinikizo likibidi kushuka sana linapopita hapo. Kwa desturi hutaka mshuko huo uwe kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya shinikizo la chumba. Kwa kufanya hivyo, kupanda na kushuka kwa chumba huwa kidogo mbele ya nguvu ya msukumo wa mabomba, na mabomba hayashtuki kwa kila kikohozi. Huendelea kutoa kilicho haki, kwa kipimo kile kile, hata chumba kikilalamika. Huu ni uthabiti. Nao una bei yake: pampu sharti zisukume kwa nguvu zaidi, au matangi yawe mazito zaidi, na uzito katika roketi ni deni lilipwalo kila hatua.

Tena uthabiti huu hupungua nguvu zipunguapo. Mtiririko ukipunguzwa nusu, mshuko wa shinikizo katika matundu hubaki robo, ilhali shinikizo la chumba hubaki kiasi cha nusu. Kwa sababu hiyo injini iliyo tulivu katika nguvu kamili yaweza kuanza kupwita ipunguzwapo. Jambo hilo liliwakabili walioiunda injini ya kushukia mwezini, ambayo ilipasa kupunguzwa hata sehemu ya kumi ya nguvu zake. Kampuni ya TRW ilitengeneza kinyunyizio chenye njia ibanwayo kadiri mtiririko unavyopungua, ili manyunyu yasipoteze nguvu yake. Kwa injini hiyo watu wawili walitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Naona humo fundisho kwa wenye mamlaka. Ni rahisi kuwa imara wakati wa wingi. Mzazi mwenye nafasi na serikali yenye hazina huweza kutoyumbishwa na kila kelele. Lakini siku za uhaba, uthabiti ule ule hautoshi. Yapasa mtu ajikaze kwa kipimo cha upungufu wake, la sivyo atayumba kwa pepo ambazo jana hakuzisikia.

Tiba ya tatu yatoka katika ndugu wa mpwito huu, naye ni mtikisiko unaouingiza mwili mzima wa roketi. Hapo si mabomba na chumba peke yake vinavyojibizana. Roketi nzima hunyooka na kujikunja kwa urefu wake, ikiyatikisa mabomba, nayo yakaitikisa injini. Wamarekani waliuita mtikisiko huo pogo, kwa jina la kijiti chenye springi ambacho watoto hurukia. Roketi ya Titan II ilionyesha ugonjwa huo mwaka 1962, nayo ilikuwa imechaguliwa kuwabeba wanaanga wa Gemini. Wahandisi walitia katika njia ya kimiminiko kisaidiacho mwako mrija wa wima wa kuumeza mshtuko. Waliporusha roketi yenye mrija huo mwezi wa Desemba 1962, mtikisiko haukupungua; uliongezeka hata kufikia mara tano ya nguvu ya uvutano wa dunia. Walikuwa wametuliza upande mmoja tu wa mazungumzo ya pande mbili. Walipotia kituliza-mshtuko katika njia ya mafuta pia, roketi iliyorushwa mwezi wa Novemba 1963 ilitikisika kwa kiasi kidogo kuliko robo moja ya nguvu hiyo, kiasi ambacho mtu aweza kukivumilia akiwa kazini. Mwezi wa Machi 1965 watu wawili walipanda juu yake, wakaenda na kurudi salama.

Nusu ya dawa ilizidisha ugonjwa. Mpatanishi yeyote wa ugomvi wa nyumba alijua hili kabla ya roketi: ukimtuliza mume na kumwacha mke na uchungu wake, au ukamtuliza mke na kumwacha mume, hukupunguza ugomvi, umewatenganisha katika mwendo wao, na neno la mmoja sasa humkuta mwenziwe katika saa mbaya zaidi.

Yawezekana msomaji akaniuliza: Mtu na bomba wana uhusiano gani? Namjibu kwa mfano. Chukua nchi ambayo mvua ilikosekana. Habari za njaa zilikwenda polepole, barua zikaandikwa, nafaka ikanunuliwa mbali, meli ikapakiwa. Nafaka ile ikafika mwaka wa pili, wakati mvua ilikuwa imerudi na wakulima wamevuna. Bei ya mavuno ikaanguka. Mkulima aliyeuza kwa hasara akapanda shamba dogo msimu uliofuata. Wafadhili walioona maghala yamejaa wakapunguza msaada. Basi mwaka wa tatu shamba ni dogo na msaada ni mdogo, na njaa imerudi pasipo hata ukame. Katika kisa hiki hakuna mwizi wala dhalimu. Kila mmoja alitenda wema aliouona kuwa wapasa. Lakini kila mmoja alimjibu mtu wa jana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwitikio huwa na mtu aliyekusudiwa, na mtu huyo hasimami kungoja. Mtoto aliyestahili kuonywa mwezi uliopita huenda leo amejirudi, na onyo limpatalo sasa humpiga katika toba yake. Baba aliyegundua kwamba alimnyima mwanawe upole, akammiminia upole wote katika siku ambazo kijana ahitaji kuzuiwa, amelipa deni la kweli kwa sarafu isiyopokelewa tena. Wema wao haukupungua uzito. Anwani yake ndiyo iliyohama.

Lakini hapa sharti nizuie upotofu mmoja, kwa sababu fundisho hili laweza kuibiwa na wadhalimu. Mtu aweza kusema, "Ikiwa wema uliochelewa hudhuru, basi madeni ya zamani na yasahauliwe, aliyenyang'anywa juzi asirudishiwe leo." Hoja hiyo ni batili, na injini yenyewe huibatilisha. Hakuna mhandisi aliyeuponya mpwito kwa kufunga bomba na kukinyima chumba mafuta. Chumba kina haki ya kulishwa tangu mwanzo wa safari hata mwisho wake. Kinachoponywa ni kule kuyumba juu ya haki hiyo: leo kuzidisha kwa sababu ya jana, kesho kupunguza kwa sababu ya leo. Basi natofautisha haki na marekebisho. Haki haizeeki, aliyenyimwa chake hudai chake hata baada ya vizazi. Marekebisho huzeeka upesi, kwa sababu hupimwa kwa hali ya mtu, nayo hali hubadilika. Anayelipa deni la zamani atoe kwa mtiririko wa kudumu, akimtazama mdai kama alivyo sasa, wala asimwage kwa siku moja kile alichokizuia kwa miaka mingi, halafu akahesabu kuwa amemaliza.

Liko pia swali la lawama. Ikiwa viungo vyote ni vizima, nani alaumiwe? Wengi watapenda kusema hapana mtu, kwa kuwa ubaya umetoka katika uhusiano. Jibu hilo lina ukweli, na lina maficho. Ni kweli kwamba hatuna haki ya kumtafuta mwovu katika kila msiba. Lakini bomba halijui kwamba linachelewa, na mtu aweza kujua. Aliyepewa kazi ya kuitikia shida za wengine, naye ajua kwamba habari humfikia baada ya miezi, hana udhuru wa kuitenda kila habari kana kwamba imetokea asubuhi hii. Hatia yake haimo katika kuchelewa, kwa kuwa labda njia ni ndefu. Imo katika kusahau kwamba amechelewa.

Mwaka 1952 Tsien Hsue-shen, mwanachuoni wa Kichina aliyekuwa akifundisha California, alionyesha kwa hesabu kwamba chombo kipimacho shinikizo la chumba, kikaongoza kimiminiko kwa kuuzingatia mwanya wa mwako, chaweza kuituliza injini ijapokuwa mwanya wenyewe haukuondolewa. Naliona wazo hilo kuwa karibu zaidi na kazi ya mwanadamu kuliko tiba nyingine zote. Kuharakisha hatuwezi siku zote, na pengine haitupasi. Kujikaza daima kwaweza kuufanya moyo kuwa jiwe. Lakini kuijua njia yetu, kwamba ni ndefu kiasi gani, na kuuliza, kabla ya kutoa, kama yule aliyeomba bado ana haja ile ile, hilo lawezekana kwa mzazi, kwa hakimu na kwa serikali.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, ni kwamba wema uliochelewa waweza kubaki wema, kwa sharti moja: yule autendaye akubali kwamba umechelewa, akaupime upya. Asiyekubali hutuma moto mahali alipodhani pana baridi. Tena hutuma kwa moyo safi, na kwa sababu ya usafi huo hashtuki anapousikia mpwito ukikua. Hudhani ni watu wasio na shukrani wanaopiga kelele, naye huongeza.